Uji Uliouita Busaa

Ntimaru, nyumbani kwa mama yangu mzazi

Kwako Mama Ouma, mama mkwe wangu, Rusinga.

Mama, nakusalimu. Hujambo? Ule mguu uliokuwa unavimba umeshuka? Na tumbo, bado linajaa gesi usiku hadi unakaa kitandani ukingoja kuche? Nauliza kwa sababu nataka kujua, si salamu ya mdomo tu. Sisi huku tuko wazima. Otieno ameota meno mawili na ameyajaribu kwa kidole changu.

Awuor, wifi yangu, najua ni wewe unasoma na Mama anasikiliza. Soma yote. Ukifika mahali pachungu usiruke, wala usipatie sukari. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu mmekicheka miaka sita, na Kikuria changu hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza maji yanaitwaje. Simu nimepiga. Mama akisikia sauti yangu anasema mtandao ni mbaya. Barua haina mtandao.

Mume wangu Ouma ameniletea maneno yako. Ati nirudi, lakini kwanza nisimame siku ya Sabato mbele ya kanisa lote, niungame kwamba nilikuwa nakunywa pombe huku nikinyonyesha. Nisipoungama, Akinyi atabaki kwako. Mama, Akinyi ana miaka mitano na mimi ndiye nilimzaa. Sitaungama kitu ambacho sikufanya, na mtoto wangu nitamchukua. Sasa nisikilize, kwa sababu ile siku hukunipa nafasi hata ya kufungua mdomo.

Ulinipikia, sitakunyima haki yako. Otieno alipozaliwa ulichinja kuku. Kila siku ulininunulia mkate mweupe na soda, na chai ukaitia sukari hadi kijiko kinasimama. Ulisema, "Mama wa mtoto mchanga hawezi kula kama maskini." Osuga na akeyo za shambani, mboga ambazo ndizo nilizozitamani, ulizifunga mafungu ukazipeleka soko la Mbita, ukarudi na mkate mwingine. Ulinilisha kama mgeni wa harusi. Lakini mgeni wa harusi hula siku moja akaenda kwao.

Na nilikuwa nameza vile vidonge vya kuongeza damu. Siku tano zinaisha, sita, sijaenda choo. Tumbo likawa gumu kama debe. Usiku silali, mchana nalala nikiwa nimekaa. Kisha kikaja kile kilio. Nilikuwa nalia nikifua, nalia nikichambua omena, nalia Akinyi akiniuliza tu shule zitafungwa lini. Siku moja Otieno alilia sana, nikamlaza kwenye mkeka, nikaenda nikakaa nyuma ya choo ili nisimsikie. Nilikaa huko muda mrefu. Hilo sijawahi kumwambia mtu wa Rusinga mpaka leo. Wewe ulikuwa unasema na jirani, "Nyar Kuria, binti huyu wa Kikuria, ana kiburi, hata asante hasemi." Haikuwa kiburi, Mama. Nilikuwa natafuta nguvu ya kuinua kichwa.

Huku kwetu mwanamke akijifungua hupewa uji wa wimbi uliochacha, na mboga chungu, hadi mwili ukumbuke kazi yake. Ndiyo nikaloweka unga wa wimbi ndani ya kibuyu kidogo, nikakifunga na leso kipate joto, nikakiweka chini ya kitanda. Jikoni ni kwako, niliogopa kuomba nafasi. Hapo nilikosa, kuficha. Kosa hilo moja nalikubali, na ndilo la mwisho utakalopata kwangu.

Ijumaa mkawa mnasafisha nyumba kwa ajili ya Sabato, wewe na wale wamama wa kanisa wawili. Ukainama na ufagio, ukatoka na kibuyu.

"Hii inatoa povu ni nini?"

"Ni ya uji, Mama."

"Uji gani unalala chini ya kitanda kama mwizi?"

Yule mnene akanusa. "Mama Ouma, hii ni busaa. Ndiyo maana huyu analala mchana."

"Na macho mekundu," akasema mwingine. "Mimi nilidhani ni kulia."

"Busaa ya Kuria imefika Rusinga bila kulipa nauli," akasema yule mnene, na mkacheka. Wewe pia ulicheka, Mama. Kisha ukakumbuka wewe ni shemasi, ukakasirika.

Busaa nimeiona ikipikwa, sisi si watu wa mbali na dunia. Unga wake hukaangwa, halafu hutiwa kimea. Kimea changu ulikiona wapi? Ungeuliza. Lakini ulibeba kibuyu hadi langoni ukamwaga kila kitu mchangani, Akinyi ameshika sketi yangu anaangalia. Kuku wako wakaja wote, hata yule jogoo mwekundu. Walidonoa ule unga hadi mchanga ukabaki na alama za midomo. Nilisimama pale nikawaangalia hadi jua likaenda. Mama, hakuna kuku aliyelewa.

Jumapili Ouma akaja kutoka Sori anakofanya kazi, na tayari ulikuwa umemwambia kila kitu kwa simu. Alisimama anaangalia viatu vyake. Wewe ukamshika Akinyi mkono. "Huyu ni mtoto wa boma hili. Haendi na mlevi." Nikaondoka na Otieno mgongoni, wiki kumi tu tangu azaliwe, na Akinyi akiniita hadi nilipokata kona. Sauti hiyo nimekuja nayo huku. Naamka nayo.

Mama yangu alinipeleka kliniki. Sista akaniuliza, "Unakula nini? Choo unaenda?" Nikakaribia kucheka. Nikamwambia, "Sista, mimi nimekuja na kichwa, unaniuliza mambo ya choo?" Akasema, "Tumbo na kichwa ni wapangaji wa ukuta mmoja. Huku wakigombana, kule hakulaliki." Aliniambia kulia kwangu ni ugonjwa, unapata wanawake wengi wakijifungua, si pombe na si pepo. Alinibadilishia vidonge. Akataka nile mboga, maharagwe, matunda, uji wetu, na maji mengi. Hakusema uji ni dawa ya akili, usije ukanisingizia tena. Alisema nirudi kila Jumanne tukae tuongee, na mtu mwingine ambebe mtoto usiku ili mimi nilale. Mama yangu alimbeba. Wiki ya kwanza sikuona kitu. Wiki ya tatu nilienda choo kama binadamu na nikalala hadi jogoo. Mwezi wa pili nilijisikia naimba nikipeta maharagwe, nikanyamaza kwa aibu, kisha nikaendelea.

Sasa tuje kwa Akinyi. Ouma ameniambia mwenyewe kwamba siku hizi anauma watoto wenzake, na amerudia kukojoa kitandani. Mtoto aliyekuwa anacheka hata akianguka. Ile mara moja uliyompa simu kwa bahati mbaya, aliniambia, "Mama, nikienda choo inauma, sitaki kwenda. Dani amenipea soda ninyamaze." Wewe ndiye huyo Dani, nyanya yake, na najua unampenda. Unampa soda kwa sababu ananililia mimi, na mkate kwa sababu amekataa ugali. Lakini unafunga tumbo lake kwa utamu, halafu unashangaa akiuma. Ulinifanyia mimi hivyo hivyo, na jina ukanipa mlevi. Yeye utampa jina gani?

Na wewe mwenyewe, Mama. Awuor, soma kwa sauti. Boma lote likiamka swali la kwanza ni, "Mama ameamkaje?" Kama tumbo limekulaza vibaya, hakuna wa kukusogelea hadi uinywe ile chumvi yako ya gesi na ucheue. Baba anaenda kukaa na mbuzi. Ouma alihamia Sori akasema ni kazi. Sisi wengine tulijifunza kutembea kwa ncha za vidole, tukaita hiyo heshima. Miaka sita nimefikiri unanichukia. Siku hizi nafikiri unaumwa. Lakini kuumwa hakukupi ruhusa ya kumchukua mtoto wa mtu.

Basi sikiliza. Huyu dada anayewaletea barua ni binti ya shangazi yangu, anapeleka maharagwe Mbita. Amebeba kibuyu kidogo kimefungwa na leso. Ndani ni unga wa wimbi uliochacha, ule ule. Usimwage. Kiweke jikoni, juu ya rafu, mahali kila anayeingia atakiona. Asubuhi chukua vikombe viwili, koroga na maji, chemsha hadi uive, kunywa wewe na Akinyi. Mboga za shamba msiuze zote, na mkate upumzike. Fanya hivyo asubuhi kumi na nne. Waalike na wale wamama wawili, wakae waangalie.

Jumapili ya asubuhi hizo kumi na nne zikiisha, nitafika langoni na Otieno. Ukiwa umelewa hata siku moja, ukiyumba, ukiimba nyimbo mbaya, nitasimama mbele ya kanisa na kuungama yote unayotaka. Kama hukulewa, basi Sabato inayofuata utasimama wewe, mbele ya wale wale, useme ulimwaga uji. Ukisema, mimi nitabaki. Nitakuja na kibuyu kikubwa cha kutosha boma zima, na usiku tumbo likikusumbua nitaamka nikae na wewe. Usiposema, Akinyi atarudi na mimi siku hiyo hiyo, na Ouma atajua mahali pa kutufuata. Nafikiri utasema. Nimekuona ukimwomba mbuzi msamaha ulipomkanyaga.

Nisalimie baba mkwe, mwambie nilijua alikuwa ananiachia mapapai nyuma ya ghala, niliyala yote. Ouma akija kutoka Sori mwambie Otieno amechukua paji lake la uso, na ninaomba asichukue mdomo wake wa kunyamaza. Awuor, wewe nakushukuru kwa kusoma. Na Akinyi mwambie uji ukiwa mchachu sana afumbe macho akinywa. Ndivyo na mimi nilivyofundishwa, na ukifungua macho umeshaisha.

Mimi mke wa mwanao, ambaye hajawahi kulewa,
Boke, mama Akinyi.