Niliandika Kwamba Tuna Uwezo

Mshauri, kama umenizidi umri shikamoo, na kama nimekuzidi basi yako nimeipokea, tusipoteze wino. Nakuandikia nikiwa na hasira ambayo hata pasi yangu ya mkaa haifikii moto wake, nisaidie kabla sijafanya jambo baya la pili, maana la kwanza nimeshalifanya na utaliona huko chini.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, na nikisema nashona usifikirie zile suruali za kupasuka mwanafunzi akiinama, mtaani kwetu ukiona mtoto shati limemkaa begani ujue limepita mikononi mwangu. Nina cherehani mbili, chumba cha mbele chenye meza ya kukatia, na nina binti. Kuhusu huyo binti, Mshauri, vuta kiti. Alikuwa na miaka tisa cherehani yangu kubwa ilipogoma siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, mtengenezaji akaniambia, mama, hii imekufa, nunua nyingine, mtoto akaifungua kwa kisu cha mezani, akavipanga vipande vyake juu ya shuka kwa mstari, akavirudisha, ikashona. Siku hiyo nikamwita Injinia, mtaa mzima ukamwita Injinia, na mwaka huu kweli amepata nafasi chuo cha serikali kusomea uinjinia wa mitambo, msichana peke yake kutoka shule yao, na barua ya chuo nimeibandika juu ya meza ya kukatia ili kila anayekuja kupimwa aisome akiwa amenyoosha mikono na hana pa kukimbilia.

Basi kuna msaada wa ada ambao serikali inawapa wanafunzi wa vyuo. Fomu ikaja, Injinia akajaza kurasa zake, ukurasa wa mzazi akaniachia. Nikajifungia nao. Palipoandikwa kazi ya mama kalamu ikawa nzito, nikaandika Mkurugenzi, Mavazi ya Shule. Baba yake ni mlinzi wa ghala, nikaandika Afisa Usalama, na si uongo, kwani halindi? Halafu chini kulikuwa na visanduku viwili, kimoja Familia ina uwezo, kingine Familia haina uwezo, weka tiki. Mimi, Mshauri? Mimi niliyemsomesha mtoto kwa vidole hivi vilivyochomwa sindano mpaka havisikii tena, niandike kwa mkono wangu kwamba sina uwezo? Shule niliishia njiani, nakiri, na nilidhani wanataka kujua kama mtoto ametoka kwa watu wanaojiweza, wasije wakampa mtu wa kukata tamaa katikati. Nikatia tiki kwenye uwezo, na nikaikoleza mara mbili mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Majibu yakatoka. Mtoto wa muuza mkaa, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kapata. Injinia wangu kakosa. Nilimpita yule baba pale kwenye magunia yake nikamuuliza, "Wewe fomu uliijazaje?" Akacheka na uso wake wa masizi, "Mama Injinia, mimi niliandika sina. Kwani nina nini?" Nikamwona mtu asiye na haya. Nikafunga duka, nikaenda ofisi ya msaada na utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni.

Njiani nilikuwa nimeshajua kosa liko wapi, ni kile kitabu cha akiba. Tuko kwenye ule mpango wa akiba ya elimu, mzazi anaweka kidogo kidogo na serikali inaongeza chake kila mwaka, nilianza Injinia akiwa bado na pengo la meno ya mbele. Nikasema wamekiona, wamesema hawa wanazo. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nikaipita yote, nikagonga kioo.

"Mnatuadhibu kwa kuweka akiba! Nafasi ya mwanangu umempa mtoto wa nani?"

Karani ni dada mmoja mwembamba, mkono wa miwani yake umefungwa kwa uzi. "Mama, akiba haihusiani kabisa. Kaa kwanza nikuangalizie fomu."

"Sikai! Nimekaa miaka kumi na minane!"

Foleni ikacheka, nikajua wako upande wangu, nikazidisha. Nilimwita mla rushwa, nilimwita mwizi wa watoto wa watu, nilimwambia hata miwani hiyo kajifunga uzi kutudanganya kwamba hana. Alitafuta fomu, akaibandika kwenye kioo upande wangu, akashusha sauti chini kabisa. "Mama, huu mwandiko wa nani?"

Kale katundu ka kalamu kakawa kananitazama kama jicho.

Kabla sijaondoka akanieleza kwamba rufaa ipo mpaka mwisho wa mwezi, nijaze ukurasa upya, kazi zetu halisi, tiki kwenye haina uwezo, sahihi ya mtoto na muhuri wa ofisi ya mtaa. Ofisi ya mtaa, Mshauri! Ambako nimekaa kwenye lile benchi nikawaambia wote kwamba mwanangu anakwenda chuo na hatutamwomba mtu hata nauli.

Nikarudi nyumbani. Injinia kasimama mlangoni. "Mama, wamesemaje?" Na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Wamebadilisha fomu."

Akaniamini. Kwa nini asiniamini, sijawahi kumdanganya. Sasa ameandika malalamiko kurasa mbili, kwa ule mwandiko wake ambao walimu walikuwa wanauonyesha kwa wengine, anamshtaki karani mwenye miwani ya uzi kwamba alichezea fomu kwa rushwa, wenzake wanne wameweka sahihi, na Jumatatu wanaipeleka kwa mkuu wa ofisi. Baba yake nilimwambia ukweli, akacheka mpaka kofia ya kazi ikamwanguka, halafu akaiokota taratibu. "Mkurugenzi," akaniambia, "yule dada atafukuzwa kazi." Na mtoto mwenyewe amekaa kwenye cherehani ndogo anatia vifungo, anasema, "Mama usijali, tutashona wote." Kila kifungo anachotia kinanichoma mimi.

Nina hasira na ile ofisi, nani aliwatuma waandike neno kama lile kwenye fomu? Nina hasira na muuza mkaa. Niambie, hakuna njia ya kupata msaada bila kuandika sina uwezo? Au nivunje akiba nilipe muhula wa kwanza, yaishe, na Injinia asijue kamwe?

Ni mimi, Mama Injinia.

JIBU

Mama Injinia, barua yako imepita mbele ya nyingine zote kama ulivyopita wewe kwenye foleni ya watu, kwa sababu Jumatatu ni keshokutwa.

Haki yako nakupa kwanza. Neno lile ni baya na mimi pia limenikasirisha. Aliyetunga fomu alitaka kujua kipato, akauliza uwezo, kana kwamba mtu asiye na ada hana pia akili wala mikono. Angeuliza, "Je, mnaweza kuilipa ada hii yote wenyewe?" ungejibu hapana na usingetoboa karatasi. Mwandikie mkuu wa ofisi hivyo, kwa jina lako, ukishamaliza haya mengine. Nina hakika si wewe peke yako uliyeteleza hapo.

Hasira yangu iliyobaki ni yako. Karani hakutunga fomu. Ulimtukana mbele ya foleni nzima, ukamtukana mpaka miwani, naye alipokuwa na karatasi ya kukuumbua mkononi, akashusha sauti ili wasisikie. Uliliona hilo? Umeliandika mwenyewe na umelipita. Dada yule alikusitiri, wewe ukaenda nyumbani ukamchongea. Na umemfanya binti yako, ambaye hajakukosea kitu, awe ndiye mkono wa kumtupia jiwe. Akiipeleka ile barua, watafungua fomu, watauona mwandiko, na atakayesimama pale akiona haya hutakuwa wewe.

Kwa hiyo leo. Ukishalikunja gazeti hili, mwite Injinia mezani, chini ya ile barua uliyoibandika, umwambie, "Tiki niliitia mimi." Maneno matatu. Usianze na karani, usianze na neno baya la fomu, wala usilie ili akuonee huruma kabla hajakasirika. Mwache akasirike. Ana haki, na hasira ya nyumbani kwenu naona hairithiwi kwa baba. Wale wenzake wanne uwaambie wewe, si yeye, na ile barua aichane mwenyewe.

Akiba usiiguse. Nimeuliza: ukivunja kabla mtoto hajaanza chuo, nyongeza ya serikali inarudi serikalini, na utakuwa umenunua muhula mmoja wa kimya. Msaada ulipe ada, akiba imlipie malazi na vifaa, ndiyo kazi yake. Kitabu chenyewe kiambatishe kwenye rufaa. Zile pesa ndogo ndogo ulizoweka miaka yote hiyo zinasema kuhusu nyumba yenu ukweli ambao wewe ulikataa kuusema.

Ukurasa ujaze hivi. Kazi ya mama: fundi cherehani. Kazi ya baba: mlinzi. Cherehani aliyoifungua mtoto kwa kisu ilikuwa ya fundi. Angekuwa na mama mkurugenzi ingenunuliwa mpya na leo tusingekuwa na injinia. Kuhusu ofisi ya mtaa, umewaficha nini? Mumeo wanamkuta kwenye geti la ghala na rungu lake kila siku wakipita, unadhani wanamwita afisa? Wewe wanakuona umeinama kwenye ile meza tangu asubuhi. Wanajua, mama. Wanajua na bado wanakuheshimu, ila wanachoka kusikiliza. Nenda kachukue muhuri wako, na ukirudi pita kwa muuza mkaa umpe mkono, hata kama utachafuka.

Kisha rudi kwenye lile dirisha na fomu mpya, na Injinia awe pembeni yako. Safari hii panga foleni. Zamu yako ikifika, mwombe karani radhi kwa sauti ileile uliyomtukania, mpaka mtu wa mwisho pale mlangoni asikie.

Uwezo huo unao.