Hodi ya Sauti Mbili

Jumanne usiku

Sauti imeniaibisha tena, safari hii mlangoni kwetu.

Nilitoka shule, nikapanda ngazi, nikabisha hodi. Bibi siku hizi haoni vizuri. Akavuta ushungi haraka, akajibu nyuma ya pazia kwa adabu zake zote: "Mwenye nyumba hayupo, baba. Yuko dukani Kariakoo, mfuate hukohuko." Kwetu mwanaume mgeni haingii kama baba hayupo.

"Bibi, ni mimi Nasri!" "Bibi" ilitoka nzito, "Nasri" ikatoka nyembamba kama filimbi. Hapo ndipo aliponitambua. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikasirika, karibu nilie.

Jioni nikamweleza ami Hafidhi, mdogo wake baba, jambo linalonitisha zaidi: kivimbe chini ya chuchu ya kushoto, kikiguswa kinauma. Nilishaamua ni saratani. Ami akasema wavulana wengi hukipata wakibalehe, hata yeye alikipata, kikaisha chenyewe. Kisipoisha, tutaenda wote hospitali. Lo, nimepumua.

Sasa nimejilaza, feni inazunguka. Miguu inauma kwa ndani. Ni kama kuna mtu anahamia mwilini mwangu, anapanga vyombo vyake taratibu, hataki kuniamsha. Sijui atakuwa mtu wa namna gani. Nikifumba macho karibu namwona, halafu...

Sasa hivi Bibi, akienda kulala, amesimama mlangoni kwangu. "Kesho usiingie kimyakimya," akasema. "Bisha hodi kwa sauti ileile. Huyo mgeni nataka nimzoee."