Ujumbe wa Mama Neema

Jumatatu, 3 Machi
Mvua toka asubuhi. Mwanangu Baraka kanywa dawa, kaenda shule. Nimeshona sare mbili. Mchana nimempokea mama mpya kwenye kundi letu la WhatsApp la wenye watoto wa kifafa. Mama Neema, wa Nanyala. Kaandika maneno marefu: binti yake huanguka, ndugu za mume hawajui, anaogopa watamtenga. Nimemjibu kwamba humu hayatoki.

Jumatano, 5 Machi
Mwanaume asiyemjua kampigia Mama Neema anamuuzia dawa za mizizi kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kamtaja mtoto kwa jina. Mama Neema ananiuliza namba yake imefikaje huko.

Alhamisi, 6 Machi
Mbaya zaidi. Picha ya ujumbe wake, namba ikionekana, inazunguka Nanyala. Wifi yake kaiona. Sasa Neema ana kikombe chake peke yake, wanadai mate yanaambukiza. Mama Neema kajitoa kwenye kundi. Sikushona kitu. Nina hasira. Nina aibu pia, mimi ndiye niliyemwahidi.

Ijumaa, 7 Machi
Aliyeutoa ujumbe ni Enea, mama mwenzetu wa kundini. Nimeuliza kundini, akanipigia mwenyewe. Aliupiga picha ujumbe akautuma kwenye kikundi cha maombi cha kanisani kwao, kule Mpemba.
"Nilitaka wamwombee mtoto."
"Ungemuuliza mama yake kwanza."
"Hata kumwombea mtu ni mpaka ruhusa?"
Nikakata simu. Enea huyuhuyu ndiye aliyekuja mbio Baraka alipoanguka mara ya kwanza, akanionyesha kumlaza ubavu. Wengine wanataka nimtoe. Sijamtoa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeenda kwa Enea. Tumekaa jikoni, anachambua maharage. Nikamuuliza: habari za mwanao Yohana zikimfikia bosi wake kule mpakani, itakuwaje? Bosi hajui kama anaanguka. Enea akaacha maharage. Akalia. Akawaandikia watu wa maombi wafute picha. Waliokwisha kuituma mbele, hatuna la kufanya. Mama Neema nimemuomba tuje. Kasema tuje, ila Enea aongee mbele ya wifi yake.

Jumapili, 9 Machi
Nanyala. Wifi katupokea kwa baridi. Enea kapiga magoti kwa Mama Neema. "Nimekuvua nguo mbele za watu, dada. Nisamehe." Kisha akasema mwanawe anaanguka tangu mdogo, wanakula sahani moja, hakuna aliyeambukizwa. Akaomba maji, akanywea kikombe cha Neema. Wifi akatazama tu. Mama Neema hakusema amesamehe. Alitusindikiza hadi barabarani.

Ijumaa, 14 Machi
Kuna mama wa Mkwajuni, binti yake kaanza kuanguka wiki hii. Anaogopa kuingia kundini, anataka kuongea na mtu mmoja tu mwenye binti. Nikamfikiria Mama Neema. Namba yake ninayo, lakini sikuitoa. Nilimpigia kuuliza.
Akafikiri. "Yangu usimpe. Muulize kama naweza kupata ya kwake, nitampigia mimi."
Yule mama akakubali.
Jioni kaniandikia yule mama wa Mkwajuni. Wameongea mpaka simu ikazima.
Mama Neema hajarudi kundini. Sijamwambia arudi.