Maoni ya Fundi Cherehani

Chumba cha nyuma,
Alhamisi, baada ya chakula cha mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia mapema kabisa, kwa sababu ukifika katikati ya barua hii huenda usitake kuniitikia, na ningependa marahaba yangu niwe nimeshaipata. Goti linaendeleaje? Kaka aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unashuka ngazi hatua moja moja huku umeshika ukuta, na ukiulizwa unasema goti halina neno, ni ngazi ndizo zilizochakaa. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Na cherehani je, bado inalia ukiongeza mwendo? Na yule jirani, bado anaazima mkasi wako wa kitambaa akakatie makaratasi? Mwambie nimesema aone haya. Mimi sijambo, nakula vizuri, kazi ipo. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa kuwa kwenye simu ungenikatiza sentensi ya pili tu, na haya ninayotaka kusema yanahitaji usikilize hadi mwisho.

Barua hii ina ombi na ina kosa. Ombi ni kwamba uje Jumamosi ya wiki ijayo, saa tisa alasiri, kwenye ufunguzi wa maonyesho yetu. Usipokuja, kuna mzee mmoja mchoraji ambaye hatafungua maonyesho yake, na kuna mwanao ambaye hatajua auweke wapi uso wake. Kosa nitalifikia. Nivumilie nianzie mbali kidogo.

Miaka minne sasa hujaniuliza ninafanya nini hasa hapa, na sikulaumu. Ukumbi wetu ni vyumba viwili tu. Zamani palikuwa mahali pa kuziba matairi, na siku za joto chumba cha mbele bado kinanuka mpira. Mwenye ukumbi ni mama mmoja aliyefundisha kuchora shuleni mpaka akastaafu. Wote tunamwita Mwalimu, hata anayetuletea maji. Hana mfadhili wala bosi. Anaonyesha kazi anazozipenda yeye, na wiki nyingine anayezipenda ni yeye peke yake.

Kazi yangu ni kutundika. Maonyesho yakiisha nang'oa misumari, naziba matundu, napiga msasa, napaka ukuta rangi nyeupe upya, kisha nangoja picha nyingine. Zikifika nazipanga sakafuni na kuzizunguka siku nzima, maana kuna picha ukiziweka jirani zinagombana mpaka unazisikia. Katikati ya picha inatakiwa ifike usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Wenzangu wa kazi hii hupima kwa utepe wa chuma. Mimi natumia ile futi yako ya zamani, iliyofutika namba za mwanzo, ile uliyoitafuta wiki nzima ukamshuku jirani. Ndiyo, niliichukua mimi. Hilo silo kosa lenyewe, limejitokeza tu njiani.

Mlangoni pana meza, na juu yake kuna kitabu cha wageni. Kila jioni kabla hatujafunga, Mwalimu huketi hapo na kikombe chake cha chai akasoma walichoandika watu siku hiyo, neno kwa neno. Wengi huandika "pazuri" au "hongereni", watoto huchora jua, na mtu mmoja aliwahi kuuliza choo kiko wapi. Mwalimu huyasoma yote kwa uzito uleule, hata la choo.

Miaka mitatu iliyopita ndipo alipokuja huyo mchoraji ninayekwambia. Ni mzee mpole sana. Maisha yake yote alikuwa akiandika mabango ya maduka, na alipoiacha kazi hiyo akaanza kuchora vitu vyake mwenyewe: madirisha, viti, mapazia. Hayo yalikuwa maonyesho yake ya kwanza. Mvua ikanyesha siku nne mfululizo na hakuna aliyekanyaga hapa. Siku ya tano mzee akaja, amenyoa, amevaa koti, na kitu cha kwanza alichofungua ni kile kitabu. Akakuta ukurasa mmoja umeandikwa. Uliandikwa hivi: "Pazia la bluu katika picha ya tatu limekatwa mshazari, lakini linaning'inia kama lililokatwa wima. Kitambaa hakifanyi hivyo. Ila mwanga unaopenya ndani yake ni wa kweli, nimeuona asubuhi nyingi." Chini yake palikuwa na saini: Fundi cherehani.

Nilidhani atakasirika. Aliomba kiti, akaketi mbele ya picha ya tatu karibu saa nzima, kisha akamwambia Mwalimu kwamba aliyeandika vile ameshika vitambaa vingi, na kwamba ni kweli, amekosea. Alisema tangu aanze kuchora, watu walikuwa wakimpigia makofi ya adabu tu, na huyu ndiye wa kwanza kubishana naye kama mtu na mwenzake. Maonyesho yalipoisha akaichukua picha ile kwapani akaenda kuirekebisha.

Tangu hapo Fundi cherehani hakukosa maonyesho hata moja. Palipoonyeshwa vyungu, aliandika kwamba kile chenye tumbo kubwa kinafanana na mteja anayebana pumzi ukimpima kiuno. Zilipoletwa picha za mikono, akamwambia mpiga picha kwamba mikono ile ilikuwa imetulizwa makusudi, maana mkono ulio kazini haungoji kupigwa picha. Mfinyanzi alinuna mwezi mzima, halafu akarudi kuuliza kama Fundi amesema lolote kuhusu mabakuli yake mapya. Ikafika mahali watu wanakisoma kitabu kwanza ndipo waingie kutazama kuta. Na Mwalimu kila jioni, kabla hata hajagusa chai, ananiuliza kama Fundi wetu amepita. Ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kumwona. Kila alipokuja, Mwalimu alikuwa ametoka.

Sasa mzee amerudi na maonyesho ya pili. Safari hii ni vitambaa vitupu: mashuka kwenye kamba, blanketi lililoachwa kitini, kitambaa cha meza chenye alama ya pasi, na lile pazia la bluu, ambalo amelichora upya mara tatu. Amesema hafungui mpaka Fundi cherehani asimame mbele yake na kusema kama sasa linaanguka inavyotakiwa. Kadi za mwaliko zimeshachapishwa, nazo zinasema wazi kwamba mfunguzi ni Fundi cherehani.

Jumatatu Mwalimu alinifuata na kadi hizo nikiwa juu ya ngazi na misumari mdomoni, kama wewe na pini zako. Aliniuliza, kwa upole wenye lawama kidogo, kwa nini mama yangu anakuja hapa mara nyingi hivyo na sijawahi kumkaribisha anywe naye chai. Nusura nimeze msumari. Akanifungulia kitabu. Katika maonyesho matatu ya mwisho, baada ya kuzisema picha, Fundi aliongeza mstari mmoja: zimetundikwa vizuri, aliyezitundika ana jicho.

"Hakuna mgeni anayemsifu mtundikaji," Mwalimu aliniambia. "Mgeni hajui hata kama yupo. Anayekuja kwenye maonyesho akamtazama mtundikaji ni mama yake tu."

Futi yako ilikuwa shingoni mwangu. Alikuwa ameshaunganisha mambo yote.

Mama, najua hapa umeshavua miwani. Irudishe. Fundi cherehani hajawahi kukanyaga ukumbi huu. Aliyeandika ni mimi, maoni yote saba, kwa mwandiko nilioiga kwenye daftari lako la vipimo. La kwanza niliandika kwa kumhurumia mzee. Nilikuwa nimeanza na "kazi nzuri", nikaona hata mimi nisingeamini, nikaing'oa karatasi. Ndipo nikajiuliza wewe ungesema nini, nikakusikia papo hapo. Nilikulia chini ya meza yako ya kukatia nikiokota pini kwa ile sumaku iliyonipa jina, na juu ya kichwa changu ulikuwa ukizungumza na vitambaa kutwa nzima. Sikuhitaji kubuni. Yale sita yaliyofuata hayakuwa huruma. Nilikuwa nimekukumbuka, na hiyo ndiyo njia niliyoipata ya kukuleta hapa bila kukuomba.

Lakini ule mstari wa kusifu utundikaji haukuwa wako. Hujawahi kuniambia hivyo. Nilitaka mno uniambie, nikakuwekea maneno mdomoni, kisha jioni nikakaa kumsikiliza Mwalimu akiyasoma kwa sauti na kujifanya nafagia. Hilo linanitia aibu kuliko yote.

Na kwa nini sikukuomba uje, wewe unajua. Siku niliyoacha kazi dukani kwako ulisema utakuja kutazama hizo picha. Ulikuwa hata umeshachagua gauni. Nikakujibu, "Pale si pa watu wa cherehani, mama. Hutaelewa." Ukasema, "Haya," ukaendelea kukanyaga pedali. Hukunigombeza, hukumwambia kaka, na hukuuliza tena. Nilikuwa nataka nionekane mtu mpya, asiyetoka popote, nikaanza kwa kukukana wewe. Na tazama mwisho wake: mtu anayesikilizwa kuliko wote katika nyumba hii, aliyemfundisha mchoraji kazi yake, ni mtu wa cherehani. Nisamehe, mama. Ningepaswa kuyaandika haya miaka minne iliyopita.

Nilishuka kwenye ngazi nikamwambia Mwalimu kila kitu. Hakucheka. Alisema kuta huwa tunazipaka, picha tunazifuta vumbi, na kitabu hicho ndicho kitu pekee humu ambacho hajawahi kukigusa ili kipendeze. Akanipa kalamu, akanitaka chini ya kila maoni niandike ni nani aliyeyaandika. Nikaandika mara saba. Kisha akampigia mzee simu aje asome mwenyewe. Mzee alisoma amesimama, koti mkononi, nami nikangoja anitukane au aanze kuziteremsha picha zake. Alipomaliza aliuliza tu kama mama mwenyewe yupo. Nikasema yupo, anashona mpaka leo.

"Basi umemjibia bila kumuuliza," akasema. "Kamuulize."

Kadi hazijabadilishwa. Ndiyo maana nakuandikia. Sikuombi uje kunifichia, hakuna tena cha kuficha. Nakuomba uje useme la kwako. Pazia likiwa bado limekosewa, mwambie mzee mbele ya watu, atafurahi kuliko akisifiwa. Nikiwa nimetundika upande, sema pia. Na ukiona huwezi kuja, au hutaki, una haki. Niandikie neno moja tu, nami nitasimama mlangoni niwaeleze wageni kwa nini hapafunguliwi. Kaka amekubali kukuleta. Hapa mlangoni hakuna ngazi, kuna kizingiti kimoja, na nimekiwekea ubao.

Nisalimie kaka na wanawe, nisalimie shangazi, na jirani pia umsalimie, ila mkasi auache hapo ulipo. Futi yako utarudishiwa siku hiyohiyo, kama utaitaka.

Jambo la mwisho. Kitabu kile kimejaa, kwa hiyo tumenunua kipya, na kalamu yake nimeifunga kwa uzi wako mwekundu. Jana nilimaliza kutundika. Mwalimu alipita ukutani na pimamaji yake, akafika kwenye pazia la bluu akasimama. Aliniuliza kama nimekosea vipimo, kwa sababu picha zote ziko usawa mmoja na ile moja iko chini, zaidi ya futi moja chini ya wenzake. Nikamwambia sikukosea. Nimeipima kwa kimo cha macho yako ukiwa umeketi kwenye kiti cha cherehani, nacho nakikumbuka bila kukipima. Mbele yake nimeweka kiti, cha goti lako. Kinakungoja wewe.

Mwanao anayekupenda,

Sumaku