Matone Thelathini na Moja

3 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Wewe unakula kweli? Mama yako kaniambia zile chembe ndogo mno za plastiki ulizozipata mwaka jana zimekataa kutokea tena, na walimu wanasema ulitunga matokeo. Wamekupa mpaka mwisho wa mwezi, la sivyo kazi yako inafutwa.

Hukutunga. Ni mimi.

Siku ile, bado nikiwa mfagizi wa maabara yenu, nafuta meza, kiwiko kikagonga chupa yako, nusu ikamwagika. Nikajazia maji hadi kwenye alama. Mchanganyiko ukawa mweupe kama maziwa, na wako ulikuwa mwangavu kama maji ya kunywa! Nikaona kibarua kimeota nyasi. Nilishakuona ukichanganya, basi nikatia sabuni yako, halafu ile alkoholi ya chupa ya kahawia, tone kwa tone, mpaka ukawa mwangavu tena. Kesho yake ukaupasha moto, ukaja mbio: "Mjomba, chembe ndogo hivi sijawahi kupata!" Nikakupigia makofi. Mwaka mzima nimekaa nalo moyoni. Nisamehe.

Mjomba wako

9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mwili mzima, mengine usiulize. Barua yako nimeitupa, nikaiokota. Nimerudia jaribio mara kumi na tisa! Na wewe unauliza kama nakula! Hasira nimeziweka kando, sasa sina nafasi. Sabuni kiasi gani? Alkoholi matone mangapi? Ukisema "kidogo tu" nakuja huko kwa miguu.

Mpwa wako

13 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Sabuni vijiko viwili vya kupimia, vya kusawazisha, si vya kurundika. Matone thelathini na moja. Nilihesabu kwa sauti, moja moja.

Hata usipojibu, nimepumua.

Mjomba wako

30 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Kimya changu ni cha maabara. Nimefanya mara tatu, ya tatu mbele ya walimu. Ukiinua chupa kwenye taa, ule ubluu hafifu wa mwaka jana upo, na mashine imepima chembe ndogo vilevile. Mwalimu mkubwa akauliza nani aliwaza kuongeza alkoholi. Nikamweleza yote, hadi kiwiko. Alicheka mpaka akavua miwani. Kazi imepita! Jana nimelala mpaka jua likanikuta kitandani.

Bado nimekukasirikia, tena sana. Njoo Jumapili nikukasirikie vizuri, tukila. Meza nitafuta mwenyewe.

Mpwa wako