Mkono wa Mama Kwenye Turubai

Kituo cha Wakimbizi,
Karibu na Munanila, Kasulu.
6 Mei 1973

Mpendwa Mjomba Felisiani,

Pokea salamu zetu nyingi. U hali gani huko Tanga? Mama Kudra na watoto hawajambo? Na mgongo wako, bado unakusumbua kwa kazi ya mkonge? Sisi tuliobaki ni wazima. Kiswahili nilikizoea sokoni Bujumbura, nadhani utanielewa.

Najua simu ya maandishi ya msiba ilikufikia, na kwamba umeumia kwa kushindwa kuja kumzika dada yako. Simu ina maneno machache. Nataka ujue ilivyokuwa.

Tangu tuvuke mpaka tunakaa kwenye hema. Baba, unavyomjua, hata hapa hakuacha ualimu. Masika yalipoanza watu walilalamika kuwa mahema yanavuja, naye akawa anapita hema kwa hema akieleza. Alisema chembe za maji huvutana na kushikana, kiasi kwamba tone halipenyi kirahisi kwenye vitundu vidogo vya turubai, linabaki juu. Lakini ukiligusa turubai kwa ndani, maji hufuata kidole na kushika nyuzi, na njia ikishafunguka hayakatiki mpaka turubai likauke.

Watoto aliwawekea wembe juu ya maji kwenye bakuli, ukaelea. Akadondosha maji ya sabuni, ukazama. Jirani yetu Stanislaus, aliyezoea kuegemeza mizigo yake kwenye turubai, alimcheka, kisha akaiondoa. Hema lake likaacha kuvuja. Basi kila wingu likitanda, Baba anaitwa.

Mama wakati huo kifua kilikuwa kimeanza kumbana, akawa anashinda amelala. Alijua Baba anafundisha, ila alidhani ni mambo yale yale ya shuleni.

Siku hiyo mvua kubwa ilinyesha mchana. Baba alikuwa ameitwa upande wa pili wa kituo, mimi nilikuwa kwenye mgao wa unga. Maji yalijaa juu ya kitanda cha Mama, turubai likalegea na kushuka. Akafanya ambalo mtu yeyote angefanya: akainuka, akalisukuma kwa viganja ili maji yamwagike nje. Yalimwagika, lakini pale alipogusa yakaanza kudondoka. Akapangusa kwa kitenge, yakazidi. Nguvu ya kusogeza kitanda hakuwa nayo.

Tulirudi pamoja, Baba na mimi, tukamkuta amelowa yeye na blanketi lake. Baba aliweka kidole palipovuja, akakiburuta kwenye turubai hadi ukingoni, na maji yakaufuata mstari ule mpaka chini. Matone yakakoma. Mama alimtazama, akamwuliza polepole, "Kumbe ulikuwa unajua?"

Baba akamvua lile blanketi lililolowa.

Homa ilimpanda, tukampeleka zahanati, wakasema ni nimonia. Walijitahidi. Alituacha alfajiri moja, Mjomba, bila kulalamika. Tulimzika kwenye mteremko unaotazama kwetu.

Baada ya mazishi Baba aliniambia, "Nimefundisha kituo kizima. Yeye sikumwambia." Kisha akaacha kwenda popote. Watoto walikuja na bakuli lao, akawarudisha.

Sikuandikii haya ili umchukie. Yeye alizoea kuongea nje na kunyamaza nyumbani, na Mama alizoea kutouliza. Ninachosikitikia ni kwamba hakuna aliyewaharakisha kuzungumza wao kwa wao. Walikuwa wanapendana, nami nimeliona hilo vizuri zaidi sasa ambapo halina faida kwa Mama.

Juzi lilikuja lori la wageni kutoka mpakani. Bwana mmoja, Leonidasi, alielekezwa kwetu, akamwomba Baba akamtazamie hema lake linalovuja. Baba alikitazama kitanda cha Mama. Mwishowe akavaa viatu. Niliwafuata. Walipofika, yule bwana alitaka waingie mara moja, ingawa mkewe alikuwa mtoni akifua. Baba akamshika mkono.

"Mwite mkeo kwanza," alisema. "Nitamngoja."

Akaketi pale nje mpaka yule mama akafika.

Mjomba, ukipata nafasi mwandikie shemeji yako, hata mistari michache. Nisalimie sana Mama Kudra, Kudra mwenyewe na wadogo zake. Mungu akufariji kwa ajili ya dada yako, na akutunze mpaka tuonane.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda na kukukumbuka,
Esteri