Kitambaa Juu ya Kompyuta ya Zahanati

Jumanne, 14 Oktoba 1997. Ruiru.

Ni kile kitambaa. Mama Wambui, karani wa zahanati kule Thika, alikifuma mwenyewe akaifunika kompyuta, ikawa inafanya kazi siku nzima bila hewa. Joto limeharibu diski.

"Fundi, si ni wewe ulituambia tuichunge na vumbi?" aliniuliza.

Ni kweli nilisema.

Programu ya kurekebisha diski imeokoa orodha ya wagonjwa wa kifua kikuu mpaka herufi M. Kuanzia N haisomi kitu. Kadi za karatasi walizichoma kompyuta ilipofika.

Njeri, Njoroge, Nyambura, Wanjiku. Wenye majina kama hayo ni karibu nusu ya watu wa kule. Kesho asubuhi watakuja kuchukua dawa, na Mama Wambui atalazimika kuwauliza wao wenyewe walianza dawa lini, ili ajue wamebakiza miezi mingapi.